Presha iko sawa lakini mgonjwa hayuko sawa: tuzungumze uamuzi wa muuguzi wodi ya upasuaji

SistaWaUyole

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Mbeya, na huwa nasimamia wanafunzi wa uuguzi wanapokuja kwa mafunzo ya vitendo. Kuna jambo linanikera muda mrefu na naomba tulijadili kwa kina. Chukua faili lolote la mgonjwa aliyepasuliwa, usome chati ya usiku. Utakuta presha 110/70, mapigo 88, pumzi 20, joto 36.5. Geuza ukurasa, pumzi 20. Nenda kitanda cha jirani, pumzi 20. Haiwezekani wagonjwa wa wodi nzima wapumue sawasawa. Ina maana hakuna aliyehesabu, na kile kipimo ambacho hakuna anayekihesabu ndicho mara nyingi kinachobadilika mapema kuliko vyote mgonjwa anapoanza kuzidiwa.

Niwape mfano. Nimeutunga kwa ajili ya kufundishia, sitaweka hapa habari za mgonjwa wa mtu.

Kijana wa bodaboda, kilo 60, kagonga nyuma ya lori. Bandama imepasuka, wameitoa, karudi wodini saa 2 usiku. Ana dripu, ana dreni tumboni (mpira wa kutoa damu na majimaji), ana katheta ya mkojo.

Saa 2:30 usiku: presha 116/70, mapigo 86, pumzi 18, oksijeni 97.
Saa 4: presha 114/80, mapigo 98, pumzi 20, oksijeni 96, joto 36.4.
Saa 6: presha 112/90, mapigo 112, pumzi 22, oksijeni 95, joto 36.2.

Mkojo kuanzia saa 4 hadi saa 6 ni mililita 35. Dreni ina mililita 40 tu. Kijana anaomba maji kila mara, anajifunua blanketi, anajifunika tena. Kaka yake aliyekaa pembeni anasema, "Sista, huyu tangu saa tano hatulii."

Anayesoma presha ya juu peke yake ataona 116, 114, 112, ataandika "hali inaendelea vizuri" na kwenda kitanda kingine. Sasa tazameni namba ya chini: 70, 80, 90. Tofauti kati ya juu na chini ilikuwa 46, ikawa 34, sasa ni 22. Mwili unapopoteza damu unabana mishipa ili kilichobaki kifike kwenye ubongo na moyo. Mishipa ikibanwa, namba ya chini inapanda. Moyo unakimbia kufidia. Figo zinanyimwa damu, mkojo unapungua. Mtu wa kilo 60 tunategemea apate walau mililita 30 kwa saa, huyu kapata 35 kwa saa mbili. Kiu, kuhangaika na ngozi kupoa ni sehemu ya habari hiyohiyo. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi asilimia 30 ya damu yake, yaani karibu lita moja na nusu kwa mtu wa kilo 70, kabla presha ya juu haijaanguka. Ukisubiri 80/50 ndipo ushtuke, umechelewa.

Na ile dreni isikudanganye. Mililita 40 inaweza kumaanisha havuji, na inaweza kumaanisha damu imeganda ndani ya mpira ikauziba. Dreni ikitoa damu nyingi, iamini. Ikitoa kidogo huku mgonjwa anahangaika, mwamini mgonjwa.

Kwa wanaotumia jedwali la NEWS, linalotoa alama kwa kila kipimo ili kuonyesha kama mgonjwa anazidiwa, lile la Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London la mwaka 2012 lililorekebishwa 2017, hesabuni wenyewe: pumzi 22 ni alama 2, mapigo 112 ni 2, oksijeni 95 ni 1, presha 0, joto 0. Jumla 5. Kwenye jedwali hilo, 5 maana yake mgonjwa aonwe kwa dharura. Saa 4 alikuwa na alama 1 tu. Lakini hata bila jedwali, muuguzi aliyemwona saa 2:30 na akarudi saa 6 akamshika mkono angejua kuna kitu.

Hapo sasa ndipo uamuzi unapoanza. Kumpa maji? Hapana, anaweza kurudi chumba cha upasuaji usiku huuhuu. Kumchoma dawa ya usingizi atulie? Hapana. Maumivu yatibiwe, siungi mkono mtu aliyepasuliwa kuachwa alie, ila kuhangaika kwake usikuzime kabla hujajua kunatoka wapi. Mlaze chali, mpe oksijeni, mfunike, hakikisha kanula kubwa (kile kimpira kilicho ndani ya mshipa) inapitisha, angalia bendeji na tumbo kama limejaa, angalia mpira wa dreni. Piga simu kwa daktari wa zamu. Uliza maabara kama damu yake imeshapangiwa kundi na kulinganishwa. Pima upya kila dakika 15, na usimwache.

Kwa maoni yangu muuguzi wa wodi ya upasuaji analipwa kwa ajili ya nusu saa hiyo. Mengine yote, kutandika, kugawa dawa, kujaza chati, yanamweka karibu na mgonjwa ili nusu saa hiyo isimpite.

Wenzangu mnaonaje? Na kwenye hospitali zenu mnalifanyaje?

BintiWaMakete

Dada umeongea jambo la maana. Mimi niko hospitali moja ya misheni huku juu Makete. Usiku niko peke yangu na mhudumu mmoja wa afya, wodi imejaa. Nikisema nihesabu pumzi za kila mtu dakika nzima, kunapambazuka sijagawa dawa. Nianze na nani?

Halafu jambo la pili, huku mwezi wa sita na wa saba baridi ni ya kuua. Vidole vya kila mtu ni baridi. Kile kifaa cha kidoleni kinasoma 84, mara 91, mara hakisomi kabisa. Nitajuaje kama ni baridi ya Makete au mgonjwa anazama?

SistaWaUyole

Mdogo wangu, pole na kazi. Nianze na hilo la baridi kwa sababu huwa halifundishwi darasani, vitabu vyenyewe vimeandikwa kwa wodi zenye joto la mashine.

Kwanza usiandike namba kabla hujatazama kama kifaa kinashika mapigo. Weka vidole vyako kwenye mshipa wa mkono, hesabu mapigo mwenyewe, linganisha na yale ya kwenye kifaa. Kifaa kikisema mapigo 60 na wewe umehesabu 104, basi hata hiyo 84 ya oksijeni usiitumie. Upashe mkono joto ndani ya blanketi, au ushike kati ya viganja vyako dakika chache, futa rangi ya kucha kama ipo, kisha pima tena kidole kingine. Usikifunge mkono wenye mpira wa presha, kila ukijaza upepo damu inakatika.

Pili, ubaridi wa vidole peke yake usiuhesabu huko kwenu. Panda na kiganja: vidole, kifundo, mkono wa chini, kiwiko. Kwa miguu vivyo hivyo hadi gotini. Mtu mzima mwenye afya anayesikia tu baridi ya Makete ana vidole baridi na magoti yenye joto chini ya blanketi. Anayepoteza damu, ubaridi unapanda juu, na mara nyingi una unyevunyevu wa jasho. Jasho kwenye baridi ile lazima likushtue. Kwa kubonyeza kucha uone damu inarudi kwa sekunde ngapi, bonyeza kifuani badala ya kidoleni. Zaidi ya sekunde mbili ni dalili.

Tatu, mwinuko. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na ninyi wa Makete wengi mko juu ya 2,000. Mtu mzima anaweza kusoma 94 au 95 akiwa hana tatizo lolote, na jedwali la London litamchapa alama 1. Ndiyo maana namba yake ya kabla ya upasuaji ni dhahabu: kama aliingia na 94 na sasa ana 94, sawa. Kama aliingia na 96 na sasa ana 91, usiseme ni mwinuko, mlima haujasogea usiku mmoja.

Sasa nianze na nani. Ukiingia zamu, kabla ya kushika faili, pita wodi nzima kwa macho, dakika kumi tu. Tafuta hawa: aliyetoka kupasuliwa leo, mwenye damu inayoingia, mwenye oksijeni, aliyechomwa pethidini au mofini (dawa kali za maumivu), mwenye kisukari, mzee aliyeanza kuongea maneno yasiyoeleweka jioni, na yeyote ambaye wa zamu iliyopita kakuambia "simwelewi". Hao ndio wa kuhesabiwa pumzi dakika nzima. Yule wa ngiri anayekula makande na kusimulia mpira, mwache ale.

Kipengere_Juu

Mimi nitapingana kidogo na mtoa mada. Nimefanya kazi maabara miaka mingi, nawaheshimu manesi. Lakini hiki mnachokisema ni kazi ya daktari. Nesi akianza kusema "huyu anavuja damu ndani", "huyu dawa yake nisimpe", tutakuwa na madaktari wangapi wodini? Daktari kaandika, nesi atekeleze. Kikiharibika, ataulizwa aliyeandika.

SistaWaUyole

Kaka Kipengere, nakuelewa, na wapo hata wauguzi wanaofikiri hivyo. Lakini haiko hivyo kisheria wala kitandani.

Kisheria, muuguzi ana leseni yake mwenyewe chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na Baraza la Uuguzi na Ukunga ndilo linalomwajibisha. "Nilikuwa natekeleza" haimalizi shauri.

Kitandani ni hivi. Daktari kaandika saa 8 mchana: pethidini kila baada ya saa sita. Alipoandika mgonjwa alikuwa anapumua mara 18. Saa 8 usiku unaenda na sindano, unamkuta anapumua mara 9 kwa dakika, unamwita anafungua jicho nusu na kulifunga. Aliyeandika hayupo, aliyeshika sindano ni wewe. Ukichoma, pumzi inaweza kukata. Kusimamisha dozi ile, kumwamsha avute pumzi, kumpa oksijeni na kumpigia daktari hakukufanyi uwe daktari. Agizo liliandikwa kwa mgonjwa wa saa 8 mchana, wewe unamwona wa saa 8 usiku.

Sijasema muuguzi aandike "anavuja damu ndani" kama ugonjwa uliothibitishwa. Nimesema aone, aunganishe, aseme anachohofia na afanye yaliyo ndani ya uwezo wake wakati msaada unakuja.

DktWaZamu

Nichangie kutoka upande wa pili wa simu.

Kaka Kipengere, mimi ndiye ninayeamshwa saa 8 usiku na nakuambia namtaka huyo nesi anayefikiri. Usiku nashughulikia wodi kadhaa na huku chumba cha dharura kinaniita. Sina macho kila mahali.

Tatizo langu ni simu hii: "Dokta, mgonjwa wa kitanda cha 7 hali imebadilika, njoo." Imebadilikaje? Alikuwaje? Nikiuliza, naambiwa subiri nikaangalie. Hapo tumepoteza muda, na kama niko na mama mwenye dharura nyingine siwezi kujua niende wapi kwanza.

Simu ninayoitaka inafuata mtindo unaoitwa SBAR. Ulianzia kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani, hospitali zikauchukua. Kwa Kiswahili ni hali, historia, tathmini, pendekezo. Kwa yule kijana wa mtoa mada ingekuwa:

"Dokta, ni sista wa zamu wodi ya upasuaji wanaume. Napiga kuhusu kijana aliyetolewa bandama jioni, nahofia anavuja damu. Karudi saa 2 usiku, mapigo yalikuwa 86, sasa 112. Pumzi zimetoka 18 hadi 22. Presha ni 112/90, namba ya chini inapanda. Mkojo mililita 35 kwa saa mbili, mikono baridi hadi kwenye kiwiko, anahangaika, dreni imetoa mililita 40 tu. Nimempa oksijeni na kanula zinapitisha. Naomba uje sasa hivi, na naomba ruhusa ya kuongeza kasi ya dripu na kutuma sampuli ya damu."

Hiyo ni nusu dakika. Nikisikia hivyo naacha ninachofanya. Wengi wanaogopa kile kipande cha mwisho, "naomba uje sasa hivi". Wanaona kama wanamwamrisha daktari. Semeni. Kipande hicho ndicho kinachonifanya nivae viatu.

Ndembera_Nurse

Dokta wewe ni mstaarabu, lakini si wote. Mimi nilikuwa hospitali moja siitaji, ukimpigia daktari usiku unafokewa: "Nesi una uhakika? Ulichoniitia ni hiki tu?" Mkifokewa hivyo mara kadhaa, wauguzi wanaanza kuogopa simu. Wanasubiri mpaka mgonjwa awe mahututi ndipo wapige wakiwa na uhakika. Na huo uhakika ukija, mara nyingi hakuna cha kuokoa. Mseme na hilo, msitubebeshe wauguzi peke yetu.

MamaMstaafu_Tukuyu

Wanangu hamjambo. Mimi nimestaafu, nilianza kazi wakati sindano tunachemsha. Mjukuu kanionyesha uzi huu nikaona niseme mawili.

Ndembera mwanangu, kufokewa kulikuwepo tangu zamani. Dawa yake ilikuwa kalamu. Nikipiga simu naandika kwenye faili: saa ngapi, nimeongea na nani, nimemwambia nini, kanijibu nini. Asipokuja, nampigia mkubwa wake, na saa hiyo nayo naiandika. Sikuwa nagombana na mtu. Na nilipokuwa msimamizi wa wodi, binti yeyote aliyemwita daktari kisha ikaonekana mgonjwa hana neno, nilimpongeza mbele ya wenzake. Wasimamizi wa sasa lifanyeni hilo, halina gharama.

La pili ni kisukari, sijaona mmeligusa vizuri. Chakula cha wodini huku kwetu mara nyingi kinatoka nyumbani. Daktari ameandika insulini ile angavu kama maji, ichomwe nusu saa kabla ya kula. Nesi wa zamu anaona saa imefika, anachoma. Chakula kiko wapi? Binti wa mgonjwa ametoka Igawilo na chungu cha ndizi, mvua ya mwezi wa tatu imemkamata, bajaji hakuna. Saa nzima inapita. Mgonjwa anaanza kutetemeka, jasho, anaongea ovyo, na kama ni usiku watu wanadhani kalala.

Kwa hiyo swali langu kabla ya sindano lilikuwa moja: chakula kimefika? Nione kwa macho, kiwe mezani. Sukari ikiwa chini ya 4 ni kumpa sukari kwanza, mengine baadaye. Na aliyeambiwa asile kwa sababu anapelekwa kupasuliwa, usimchome insulini ya mlo bila kumuuliza daktari. Hilo nalo huwa linasahaulika.

BintiWaMakete

Shikamoo mama. Ndaga fijo. Hilo la "chakula kimefika?" kuanzia leo naliandika kwenye trei ya insulini.

MamaMstaafu_Tukuyu

Marahaba mwanangu.

Mwanachuo_NTA6

Habari wakubwa zangu. Niko mwaka wa mwisho stashahada ya uuguzi. Darasani tumefundishwa mchakato wa uuguzi, halafu mwalimu akataja mfano wa Tanner na hatua za Benner. Nimekariri lakini sioni vinahusianaje na haya mnayosema. Na nikifika wodini naona masista wanajua mgonjwa atazidiwa kabla hata ya kupima. Wanajuaje?

SistaWaUyole

Mwanangu, swali zuri.

Christine Tanner aliandika mwaka 2006 kwamba muuguzi anapofikia uamuzi anapita sehemu nne: anagundua, anatafsiri, anachukua hatua, anatafakari. Rudi kwa yule kijana. Kugundua: mapigo yamepanda, hatulii, kaka yake kasema. Kutafsiri: haya yote kwa pamoja yanaashiria damu inapotea. Kuchukua hatua: oksijeni, kanula, simu. Kutafakari kuko kwa namna mbili, ukiwa unatenda (nimempa oksijeni, je, imebadilisha chochote?) na baada ya kazi (ningeweza kuliona saa 4?). Wengi wanakwama kwenye ya kwanza. Usipogundua, hizo tatu zilizobaki hazina pa kuanzia. Na Tanner alisisitiza kwamba unachogundua kinategemea pia unavyomfahamu mgonjwa huyu mwenyewe, si namba za vitabuni peke yake.

Patricia Benner, 1984, alieleza hatua tano, kutoka mgeni kabisa wa kazi mpaka bingwa. Mgeni anafuata kanuni. Bingwa anaiona hali nzima kwa mara moja kwa sababu ameshaona nyingi. Hao masista unaowashangaa hawana uchawi, wamekusanya picha nyingi kichwani. Ila nikutahadharishe: hisia ya sista mzoefu ni sababu ya kwenda kupima, haiondoi kipimo. Mzoefu naye anaweza kumzoea mgonjwa vibaya, akasema "huyu mzee kila siku analalamika" siku ambayo mzee ana sababu.

Ukiwa mwanafunzi, kila sista akikuambia "huyu simpendi anavyoonekana", muulize: umeona nini? Mlazimishe ataje. Utajifunza zaidi hapo kuliko wiki nzima ya kunakili chati.

MifupaIringa

Kamwene wote. Mimi niko wodi ya mifupa Iringa, niongeze moja inayotutesa sana, maana barabara kuu inatuletea miguu kila siku, na nadhani Mbeya mnayo kutoka mteremko wa Iwambi.

Mtu amevunjika mfupa wa muundi, kafungwa hogo (plasta ngumu, POP), kapewa dawa ya maumivu, yuko wodini. Usiku analia. Unampa dawa, baada ya nusu saa analia zaidi. Wenzake wanamwambia "jikaze, wewe ni mwanaume." Nesi anasema mguu umevunjika, lazima uume. Asubuhi vidole havina hisia.

Misuli ya mguu imefungwa ndani ya magamba yasiyotanuka. Ikivimba baada ya kuvunjika, shinikizo linapanda hadi mishipa midogo ya damu inajifunga. Hogo likiwa limeshika kwa nje ndiyo kabisa. Misuli ikikosa damu kwa takribani saa sita, madhara yanaanza kuwa ya kudumu, na mtu anaweza kupoteza mguu.

Mtego wake ni huu: nesi anashika mshipa juu ya unyayo, unadunda, vidole vina rangi, anaandika "mzunguko wa damu mzuri". Mishipa mikubwa hudunda mpaka mwishoni kabisa. Mshipa kupotea ni dalili ya kuchelewa, kama ilivyo ile presha ya dada hapo juu.

Kwa hiyo fanya hivi. Shika kidole gumba cha mguu, kikunje taratibu kuelekea chini na juu, mwenyewe asikisogeze. Maumivu ya kawaida ya mfupa hayamfanyi mtu apige kelele kwa kidole kukunjwa. Akiruka kwa uchungu kwenye misuli ya muundi, hiyo ni dalili. Gusa kati ya kidole gumba na cha pili, muulize kama anahisi sawa na mguu mwingine. Na uliza dawa ya maumivu imemsaidia kwa muda gani. Maumivu yanayozidi baada ya dawa kuliko kabla ya dawa ni simu ya daktari, saa hiyohiyo, hata kama ni saa 9 usiku. Hogo lipasuliwe urefu wote pamoja na pamba ya ndani mpaka ngozi ionekane. Mguu ulale usawa wa moyo. Usiuinue juu ya mito mitatu ukidhani unapunguza uvimbe, ukiinua unapunguza damu inayofika. Nafuu isipopatikana haraka, daktari wa upasuaji anafungua yale magamba.

Hapa kwetu tulikubaliana na madaktari wetu kwamba muuguzi wa mifupa anaruhusiwa kupasua hogo kwanza ndipo aendelee na simu, na msumeno unakaa wodini. Kaka Kipengere, hilo nalo ni uamuzi wa muuguzi.

Kipengere_Juu

Nimesoma yote. Hilo la hogo limenigusa, mdogo wangu alikatwa mguu na aliambiwa ajikaze. Nilikuwa nafikiria muuguzi anayebishana na daktari, kumbe mnazungumzia muuguzi anayemwita daktari mapema na mwenye habari kamili. Hapo tuko pamoja. Bado nasema wawekewe mipaka iliyoandikwa, kama hao wa Iringa walivyokubaliana. Ikiwa mdomoni tu, siku kukiwa na shauri kila mtu atakana.

SistaWaUyole

Naunga mkono, kaka, na pole sana kwa mdogo wako. Iandikwe, itiwe sahihi, ibandikwe wodini.

MkulimaMbozi

Samahanini, mimi si mtu wa afya, ni mkulima wa kahawa. Mama yangu anapasuliwa nyongo wiki ijayo na mimi ndiye nitakayemuuguza. Sisi ndugu tufanye nini? Tukisema kitu tunaambiwa tunasumbua.

SistaWaUyole

Kaka, wewe unamjua mama yako kuliko sisi. Ukiona amebadilika, haongei kama alivyo, hatulii, anapumua haraka, jasho la baridi, kiu isiyokwisha, anasinzia mno, maumivu yanazidi baada ya dawa, njoo useme hivi: "Sista, mama amebadilika tangu saa fulani, alikuwa hivi, sasa yuko hivi." Taja saa. Sentensi hiyo ni ngumu kupuuzwa. Usimpe chakula wala maji mpaka uambiwe, hata akikuomba kwa machozi. Usifungue wala kufunga dripu. Damu ikiwa inaingia, dakika 15 za mwanzo muuguzi anapaswa awe karibu. Mama akianza kutetemeka, kuwashwa, kuumwa mgongo au kubanwa kifua, ita kwa sauti, na muuguzi ataifunga damu ile mara moja kabla ya jambo lingine. Pia mwambie daktari dawa zote anazotumia nyumbani pamoja na za mitishamba. Kama anatumia dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, sisi tunahitaji kujua, kwa sababu mapigo yake yanaweza yasipande hata akipoteza damu.

Namtakia mama upasuaji mwema.

MkulimaMbozi

Nashukuru sana sista. Nimeandika yote kwenye daftari.

Ndembera_Nurse

Dada, la mwisho kwangu. Kukabidhiana zamu mnafanyaje? Kwetu tunasomeana daftari mezani, "kitanda cha kwanza anaendelea vizuri, cha pili anaendelea vizuri."

SistaWaUyole

Sisi tumehamishia kitandani. Anayetoka na anayeingia wanasimama pamoja mbele ya mgonjwa, wanafunua bendeji, wanaangalia mfuko wa mkojo na dreni na kuweka alama ya kalamu pale ulipofika pamoja na saa, wanaangalia dripu. Anayetoka lazima ataje mgonjwa anayemhofia zaidi na kwa nini. Mwanzoni watu walilalamika kwamba inachelewesha kutoka, hasa wanaowahi gari za Mbalizi. Tukakubaliana wagonjwa wa siku ya kwanza baada ya upasuaji na wale walio hatarini tu ndio wa kitandani, wengine mezani. Inakwenda.

Nina zamu ya asubuhi kesho. Mwanachuo, nimeona umenitumia chati ya kufanyia mazoezi, nitaipitia jioni nikitoka. Wengine wenye mifano ya wodi ya wanawake na ya wagonjwa wa ndani, wekeni, ila majina na namba za faili ziondolewe kwanza.